Mfuko wa Herufi: Tarikhi Fupi ya Kusaka Neno Refu

Neno lina umri mkubwa kuliko herufi. Watu walinena, wakaimba na wakatongoa kwa karne nyingi kabla ya kuwako kalamu ya kuandika. Walakini herufi zilipokwisha kuzoeleka, binadamu aligundua kuwa zina tabia moja ambayo sauti haina: zaweza kutenganishwa, zikavurugwa, kisha zikapangwa upya zikawa kitu kingine. Katika tabia hiyo ndimo ulimozaliwa mchezo wa kusaka neno refu. Mchezaji hupewa herufi chache, saba au tisa au kumi, na muda mfupi. Naye hutakiwa atoe humo neno refu kuliko la mwenziwe.

Kwa nje ni mchezo wa kupitishia wakati, kama bao au karata. Walakini tarikhi yake inaonyesha kuwa kila ulipopiga hatua, wachezaji na waamuzi walilazimika kujibu suala ambalo malenga hulijibu kila siku: neno ni nini, na nani mwenye haki ya kulihukumu?

Chimbuko moja la mchezo huu halikuwa mchezo hata kidogo. Mwaka 1610, Galileo Galilei alielekeza darubini yake kwenye sayari ya Zohali akaona kitu kisichowahi kuonwa na mtu: sayari hiyo ilimtokea kana kwamba ni nyota tatu zilizoshikana. Alitaka muda wa kuchunguza zaidi, na papo hapo alichelea mtu mwingine asije akadai kuwa ndiye wa kwanza kuona. Akaandika ugunduzi wake kwa Kilatini, akazivuruga herufi zote 37, akazituma Prague zikiwa hivi: smaismrmilmepoetaleumibunenugttauiras. Asiyejua kilichomo asingefaidi kitu. Na siku ya kudaiwa ushahidi, Galileo angezipanga herufi zilezile na kuonyesha kuwa alikwisha kujua.

Johannes Kepler, bingwa wa elimu ya nyota aliyekuwa Prague, hakuweza kuvumilia. Alizigeuza herufi zile mpaka akapata sentensi ya Kilatini iliyokuwa na maana, ingawa haikukaa sawasawa. Alidhani Galileo anasema kuwa sayari ya Mirihi ina miezi miwili. Hakupatia; Galileo alisema juu ya Zohali, naye alilifichua fumbo lake mwaka huohuo wa 1610. Lakini mwaka 1877 darubini ya Marekani ilibainisha kuwa Mirihi kweli ina miezi miwili. Kepler alisoma neno ambalo halikuandikwa, likawa kweli baada ya miaka 267.

Mtindo huo uliendelea. Christiaan Huygens aliyaficha hivyo maelezo ya pete ya Zohali, akayafafanua mwaka 1659. Robert Hooke wa Uingereza alitangaza mwaka 1676 herufi 14, tena hakuzivuruga ovyo, bali alizipanga kwa utaratibu wa alfabeti: ceiiinosssttuv. Miaka miwili baadaye alieleza kuwa zinasimamia kanuni ya kamani, yaani kadiri nguvu inavyozidi ndivyo kamani inavyozidi kunyooka. Utaratibu huo wa Hooke, wa kupanga herufi kuanzia ya mwanzo ya alfabeti hadi ya mwisho, ndio ambao mabingwa wa michezo ya maneno wanautumia hadi leo. Sababu yake itaonekana mbele.

Kwa wanachuoni hao, herufi zilikuwa kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu. Mtu aliyezigeuza kuwa mfuko wa wote alikuwa msanifu wa majengo asiye na kazi.

Alfred Mosher Butts alizaliwa Poughkeepsie, katika jimbo la New York, mwaka 1899. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoikumba Marekani, alipoteza ajira mwaka 1931, akaketi kufikiri ni mchezo gani ungeweza kuuzika. Aliona kuwa michezo ya kete ina bahati tupu, na sataranji ina akili tupu. Akataka mchezo utakaochanganya viwili hivyo. Inasimuliwa kuwa alikumbuka hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1843, ambamo mtu anafumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni alama gani inayojirudia zaidi. Butts akafanya vivyo hivyo. Alichukua kurasa za magazeti, likiwemo New York Times, akahesabu herufi moja baada ya moja. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa vigae 100 vinavyojulikana leo: E ni 12, A ni 9, na Q, X na Z ni kimoja kimoja. Herufi S, ambayo kwa Kiingereza hugeuza umoja kuwa wingi, aliitia mara nne tu kwa makusudi, ili mchezo usiwe mwepesi kupita kiasi.

Mwanzoni hapakuwa na ubao. Mchezo uliitwa Lexiko, na kazi ya mchezaji ilikuwa ni kuunda neno kutokana na vigae alivyonavyo. Mwaka 1938 Butts aliongeza ubao wa miraba, maneno yakawa yanapishana kama katika mafumbo ya magazetini. Makampuni yaliukataa mchezo wake. Ulipata jina la Scrabble mwaka 1948, mikononi mwa James Brunot, aliyekuwa akiutengeneza Connecticut katika jengo la skuli iliyoachwa. Mwaka 1949 Brunot alitengeneza seti 2,400, akapata hasara ya dola 450. Ulipofika mwaka 1952, duka kubwa la Macy's la New York lilianza kuuuza, na kutoka hapo haukushikika. Kwenye kanuni palikuwa na zawadi ya alama 50 kwa atakayetumia vigae vyake vyote saba kwa mpigo mmoja. Zawadi hiyo ndiyo iliyoufanya urefu wa neno kuwa hazina ya kusakwa.

Neno refu husakwaje? Mchezaji mwanagenzi huzikodolea macho herufi akingoja neno limtokee, kama mvuvi aliyekaa gatini akingoja samaki aruke aingie mtumbwini. Bingwa hafanyi hivyo. Kwanza huzipanga herufi kwa utaratibu wa alfabeti, kama alivyofanya Hooke, ili kila kundi la herufi liwe na sura moja tu anayoweza kuikumbuka. Kisha hutafuta mikia na vichwa: kwa Kiingereza, herufi I, N na G zikiwepo, huziweka kando pamoja, maana ndizo zinazofunga vitenzi vingi. Halafu hutazama zilizosalia. Aidha, huhifadhi mafungu ya herufi zenye uzazi mwingi. Herufi A, E, I, N, R, S na T ni mfano mashuhuri. Humo mna RETAINS, yaani anahifadhi, mna NASTIER, yaani mbaya zaidi, mna RETINAS, sehemu za jicho zipokeazo mwanga, na mengineyo. Maneno hayo yamelala kitanda kimoja, lakini hayana udugu wowote wa maana. Kilichoyakutanisha ni bahati ya maandishi tu.

Ufaransa iliuondoa ubao na kubakisha msako wenyewe. Mwaka 1965 Armand Jammot alianzisha katika televisheni kipindi kilichoitwa Le Mot le plus long, maana yake neno refu kuliko yote. Mwaka 1972 kikaongezewa mashindano ya hesabu na kubadilishwa jina kuwa Des chiffres et des lettres. Kilidumu hadi mwaka 2024, karibu miaka 60, na katika miaka yake ya mwisho wachezaji walikuwa wakipewa herufi 10. Waingereza waliufuata mfano huo: tarehe 2 Novemba 1982, stesheni ya Channel 4 ilipofunguliwa, kipindi chake cha kwanza kabisa kilikuwa Countdown. Humo mchezaji huomba irabu au konsonanti, moja baada ya moja, mpaka herufi zitimie tisa. Kisha saa huhesabu sekunde 30. Kila herufi ya neno ina alama moja, ila anayezitumia zote tisa hupata 18.

Kipindi hicho kina kona yenye kamusi, na pembeni yake mtu wa kuifunua. Hapo ndipo mchezo ulipopata kadhi. Mchezaji husema, "Nina neno la herufi nane," akalitaja. Na furaha yake husubiri kamusi itazamwe. Likiwemo, ni neno. Lisipokuwemo, hata kama bibi yake alilitumia maisha yake yote, si neno. Wachezaji wa Scrabble wa Marekani nao walifikia hapohapo: baada ya magomvi mengi kuhusu kamusi gani ifuatwe, mwaka 1978 ilichapishwa kamusi maalumu ya wachezaji. Wafaransa walitoa orodha yao rasmi mwaka 1990, nao wakaruhusu vitenzi vilivyonyambuliwa kwa nafsi na nyakati, jambo lililoifanya orodha yao kuwa ndefu sana.

Mara tu orodha ilipokuwa ndiyo sheria, mambo mawili yalitokea, na yote mawili yanamhusu mpenzi wa lugha.

La kwanza lilitoka Afrika. Novemba 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Wanigeria, ambao nchini mwao mchezo huu unatambuliwa kuwa ni spoti kama nyingine, walikwisha kuchunguza hesabu yake na kuona kuwa neno refu lina gharama. Anayemaliza vigae vyake vyote hubahatisha vipya, tena humfungulia mpinzani nafasi ubaoni. Kwa hiyo walijizoeza maneno ya wastani, ya herufi nne na tano, na kuhifadhi vigae vizuri kwa zamu ifuatayo. Haba na haba ikajaza kibaba. Kenya na Uganda nazo zina wachezaji wanaokwenda katika mashindano hayo, na wanaijua hekima hiyo.

La pili ni la ajabu zaidi. Mwaka huohuo wa 2015, huko Louvain-la-Neuve nchini Ubelgiji, ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ulichukuliwa na Nigel Richards, mzaliwa wa New Zealand ambaye hasemi Kifaransa. Alikuwa ameihifadhi orodha ya Kifaransa, yenye maneno yanayokaribia 400,000, kwa muda wa wiki tisa hivi. Katika fainali alimshinda mchezaji kutoka Gabon, nchi ambayo Kifaransa ni lugha yake ya skuli na ya serikali. Mwaka 2024, mjini Granada, alirudia maajabu yaleyale kwa Kihispania, lugha nyingine asiyoisema.

Hapana haja ya kumdharau Richards. Kuhifadhi ni kipaji, na watu wa mwambao wanaujua uzito wa neno hafidh. Lakini ushindi wake unaonyesha ni kitu gani kilichobakia katika mchezo baada ya orodha kushika hukumu. Neno limekuwa umbo. Halihitaji maana wala matamshi, wala halihitaji mtu wa kuambiwa.

Je, msako huu ungekuwaje kwa Kiswahili? Watu wa pwani hawakungoja vigae vya Butts ili wacheze na sehemu za maneno. Edward Steere alieleza mchezo wa Unguja uitwao kinyume: silabi ya mwisho hutangulizwa mbele, nyumba ikawa mbanyu, kitabu kikawa bukita. Wanaoijua husema kwa kasi, na asiyejua huachwa kizani. Ni kufuli kama la Galileo, ila halikuandikwa; lilifungwa na kufunguliwa kwa ulimi na sikio.

Tofauti yake kubwa ni kuwa kinyume hakigusi herufi. Kinahamisha silabi nzima. Na ndivyo Kiswahili kilivyopimwa siku zote. Mtunzi wa shairi huhesabu mizani, nane za ukwapi na nane za utao, na kila mizani ni silabi moja. Hata hati za Kiarabu, ambazo Waswahili walizitumia kwa karne nyingi, ziliafikiana na kipimo hicho, kwani irabu fupi aghalabu ilikuwa ni fatha, kasra au dhamma iliyopandishwa juu ya konsonanti yake au kutiwa chini yake. Viwili hivyo viliandamana kama mtu na kivuli chake. Herufi za Kirumi ndizo zilizowatenganisha.

Mfuko wa Butts, kwa hivyo, haumfai Mswahili. Una K moja tu, wakati Kiswahili hakiwezi kupumua bila ku, ki na ka. Hata neno dogo kama kukaa haliundiki humo pasi na kuazima kigae kitupu. Una Q na X zisizo na kazi. Anayetaka mfuko wa Kiswahili hana budi kuketi ahesabu upya, na asihesabu magazeti peke yake, bali na tenzi na mashairi pia.

Lakini tuseme mfuko umepatikana, na mchezaji amechota herufi tisa: A, A, A, D, E, N, N, P, W. Akifuata kamusi kwa vidahizo vyake tu, ataona penda, ataona panda, herufi tano kila moja, na huenda akatosheka. Mswahili aliyekaa kando atacheka. Humo mna wanapenda, herufi zote tisa. Akizigeuza mna nawapenda, vilevile tisa. Akizigeuza tena mna wapendana. Na akizigeuza mara ya nne, mna anapendwa.

Inafaa kuyatua maneno haya manne na kuyatazama. Yote yana mizani nne. Matatu ya kwanza yana silabi zilezile, wa, na, pe na nda, zilizobadilishana viti tu; mchezaji wa kinyume angeweza kuyafikia kwa sikio. La nne haliko hivyo. Ili kulipata, W lazima iachane na irabu yake, ivuke neno zima, ikajibanze baina ya D na A ya mwisho, ndipo anayependa ageuke kuwa anayependwa. Hilo silabi haziwezi. Ni herufi tu ziwezazo. Tena maneno haya si kama yale ya Kiingereza yaliyokutanishwa na bahati. Haya ni ndugu wa mzizi mmoja. Silabi na, ikikaa mbele, ni mimi. Ikikaa katikati, ni wakati uliopo. Ikikaa mwisho, ni watu wawili wanaorudishiana. Kwa Kiswahili, kuzipanga upya herufi ni kuuliza ni nani anayempenda nani.

Hapo kadhi wa mchezo hupata kazi ngumu. Hakuna hata moja katika maneno hayo manne ambalo ni kidahizo cha kamusi, na hakuna msemaji yeyote, kutoka Lamu hadi Kilwa, atakayekana kuwa ni maneno. Nafsi sita na nyakati nne zinatosha kumpa mchezaji maumbo 24 kwa kitenzi kimoja. Akitia ukanushi yanakuwa 48. Hapo bado hajagusa viambishi vya mtendwa, wala ngeli, wala kauli za kutendea, kutendana na kutendesha, ambazo kila moja huzidisha hesabu. Wafaransa waliweza kuyaorodhesha maumbo ya vitenzi vyao. Kwa Kiswahili orodha ya namna hiyo ingeshinda makabati. Mwamuzi hataweza kufunua ukurasa tu. Itambidi ajue sarufi, na mara nyingine ajue maana: mchezaji akileta ninapendana, yafaa aulizwe, na nani? Mtu mmoja hapendani peke yake.

Tena kuna suala la nani aliyeitunga kamusi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kamusi zilizofuata, za Frederick Johnson katika miaka ya 1930, ile ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na ile ya Kiswahili Fasaha iliyotolewa Zanzibar mwaka 2010, kila moja ilichota kisima chake kwa kata yake. Malenga wa Mvita au wa Amu anayesema ndia na mato, je, ataambiwa kuwa amekosa, aseme njia na macho? Katika ushairi suala hilo lilikwisha kutatuliwa zamani. Mtunzi ana ruhusa ya lahaja. Ana inkisari ya kulifupisha neno na mazida ya kulirefusha, mradi mizani ikae na msikilizaji aelewe. Kadhi wake si kitabu, ni baraza.

Kwa hivyo mfuko wa herufi za Kiswahili, ukitengenezwa, utahitaji waamuzi wa aina mbili mezani: mwenye kamusi na mwenye sikio. Wa kwanza atasema kama neno limeandikwa mahali. Wa pili atasema kama kuna mtu awezaye kulisema, kwa nani, na kwa haja gani. Mashindano ya Perth na ya Louvain-la-Neuve yameonyesha kuwa wa kwanza peke yake anatosha kuendesha mchezo duniani kote. Zile herufi tisa zenye wanapenda ndani yake zinaonyesha kwa nini kwa Kiswahili hatoshi.